Vuta Pumzi, Shikilia

Jibu la mama nililipata asubuhi kabla sijanawa uso, na ujinga wangu mimi ni kwamba nililiweka akiba.

"Mwambie huyo mwalimu wako alete wazee wake," mama alisema akiwa amenipa mgongo, anafagia kibaraza ambacho alikuwa ameshakifagia. "Ila mwambie pia kwamba sijafurahi. Nimekubali tu."

Nilimkumbatia yeye pamoja na fagio lake. Akanisukuma, lakini si kwa nguvu.

Miezi miwili mama alikuwa na neno moja tu kuhusu mwanamume huyo: mtu wa kupita. Kila nikimtaja ananirudishia lile lile. "Amekuja na begi, ataondoka na begi, na wewe utabaki hapa unasubiri gari." Nilijua anamsema nani. Baba alikwenda kutafuta kazi nilipokuwa na miaka minne, na mama alikaa kwenye kigoda pale kibarazani kila alasiri, gari linapopita, kwa miaka sita. Mpaka leo akisikia honi anaacha anachokifanya kidogo, halafu anaendelea.

Kwa hiyo "nimekubali tu" ya mama yangu haikuwa kitu kidogo. Nilivaa gauni langu la bluu, lile nililojishonea mwenyewe likanikaa vizuri kuliko yote ninayowashonea watu, nikaenda zahanati kufanya mtihani huku moyo unanicheza. Nilisema moyoni: nimalize mtihani kwanza, halafu nimpe jibu, nimtazame uso wake kwa nafasi. Nilitaka kuifaidi ile sura. Mungu anisamehe.

Mimi ni fundi cherehani, na watu wote wananiita Fundi. Habari za kutazama matumbo ya watu kwenye mashine hazikuwa zangu. Lakini zahanati yetu ina mkunga mmoja, dereva mmoja na gari moja, na hospitali yenye daktari iko ng'ambo ya mto, mwendo wa nusu siku. Mto ukijaa, hata hiyo hospitali ni kama haipo. Ndiyo maana Mwalimu aliletwa na mashine ndogo ya ultrasaundi inayoingia kwenye mkoba, awafundishe kupiga picha watu ambao hawakusomea udaktari, ili daktari kule ng'ambo atumiwe picha na aamue nani avushwe haraka na nani atulie. Mkunga aliambiwa atafute watu watatu wenye mikono iliyotulia. Akajitaja yeye, akamtaja Dereva, kisha akaja kusimama mlangoni kwangu.

"Wewe unayetunga uzi kwenye sindano bila miwani," alisema, "acha hiyo suruali, twende."

Siku Mwalimu anafika, Mkunga alimpokea begi lake akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tulicheka. Tulidhani ni salamu tu.

Mwalimu alitupa sheria moja, akairudia mpaka Dereva akawa anaiimba akiendesha: "Sema unachokiona, usiseme unachokidhani. Kazi ya kudhani ina mwenyewe, yuko hospitali."

Na mimi, siku ya kwanza tu, nikaaibika. Kile kipimio cha kushika mkononi kina alama ndogo ubavuni, imevimba kama kipele. Alama hiyo lazima ielekee kichwani kwa mgonjwa. Ukiigeuza, picha inakuja miguu juu, kichwa chini. Nikaigeuza. Nikamwambia mjamzito wa watu kwamba mtoto wake ametanguliza makalio, kumbe mtoto wa watu amejipanga vizuri, kichwa chini, anasubiri siku yake.

"Mtoto hana kosa," Mwalimu alisema taratibu. "Fundi ndiye aliyevaa shati nje ndani."

Chumba kizima kilicheka. Mimi nilinuna mpaka jioni. Lakini alipokuwa ananirekebisha aliushika mkono wangu, akakipeleka kidole gumba changu mpaka juu ya kile kipele, akakiacha hapo. "Hapa," alisema. "Kabla ya yote, tafuta hapa." Hakukuwa na zaidi ya hapo. Ila usiku sikulala, na kidole gumba changu kilikuwa kama si changu.

Baada ya hapo lile neno likawa letu. Nikimjibu vibaya ananiambia, "Alama, Fundi, umenigeuza." Nikimkuta amekaa peke yake ameinamisha kichwa namwambia, "Alama, Mwalimu." Hata siku aliponiambia anataka kunioa, nilikuwa namtilia kifungo kwenye shati, shati liko mwilini mwake, sindano iko kifuani pake. "Sidhani," aliniambia. "Naona." Nilimchoma kidogo kwa kushtuka.

Sasa mtihani. Mkunga alikaa dirishani na fomu na kalamu, awe anaandika maksi. Mjamzito wa kwanza nilimpima vizuri, mapafu ya mzee mmoja nikayapitia vizuri. Zikabaki figo. Kwa figo ya kushoto mtu wetu wa kufanyia mazoezi alikuwa siku zote Dereva, ambaye ukimgusa ubavu anacheka kama mtoto mchanga. Mwalimu mwenyewe alikuwa akijilaza chali tu, tumfanyie ini na figo ya kulia. Kitanda chetu kimeegemea ukuta, na upande wake wa kushoto ulikuwa daima kwenye ukuta. Hakuna aliyewahi kuufikiria. Lakini Dereva alikuwa ameondoka tangu jana na mtoto mwenye kifua, hajarudi.

"Nitalala mimi," Mwalimu alisema, akavua shati. "Kwanza niambie, mama alisemaje?"

"Baada ya mtihani."

"Fundi!"

"Kwani mtihani ni wa nani, wangu au wako?"

Alicheka, na katika kucheka akajishika kiuno upande wa kushoto, kama alivyokuwa akifanya kwa wiki tatu nne hizi. Nilikuwa nimeshamuuliza. Alisema ni pikipiki za njia hizi, zinavunja mtu mbavu. Nilipomwambia ajipime alinijibu, "Mganga hajigangi," tukapita.

Alijilaza kwa ubavu wa kulia, akawa ananitazama mimi. Ndivyo figo ya kushoto inavyotafutwa: mgonjwa anageukia kwako, na wewe unampitishia mkono juu kama unataka kumkumbatia. Uso wake ulikuwa karibu na kiwiko changu. Nikapaka jeli. Kidole gumba kikaitafuta alama, kikaikuta.

"Vuta pumzi," nikamwambia. "Shikilia."

Akavuta, akashikilia, akanikonyeza. Mkunga akakohoa kule dirishani.

Niliiona figo, umbo lake la haragwe. Chini ilikuwa safi. Nikapanda juu. Pale ambapo figo ya Dereva inaishia kwa mviringo mzuri, hii haikuishia. Ilikuwa imebeba kitu.

"Achia," nilisema.

Akapumua. Nikasogeza kipimio, nikamwambia avute tena, nikatazama tena. Kitu kilikuwa pale pale.

"Mbona kimya?" aliuliza. Kioo kilikuwa kimenielekea mimi, yeye hakioni. "Mwanafunzi wa mtihani anasema. Unaona nini?"

"Figo."

"Na nini?"

Nikasogeza kipimio tena. Alitabasamu.

"Umegeuza kipimio," alisema. "Unaangalia wengu unafikiri ni figo. Alama, Fundi."

Kidole changu kilikuwa juu yake. Nilikisugua kile kipele, kushoto, kulia. Nilimwomba Mungu niwe nimekosea. Nilitamani watu wote wa siku ya kwanza wawepo wanicheke tena mpaka walie.

"Alama iko kichwani, Mwalimu."

Tabasamu lake lilikaa kidogo, halafu likaondoka. Aliusoma uso wangu. Kalamu ya Mkunga ikaacha kuandika.

"Basi sema unachokiona," akaniambia. Sauti yake ilikuwa ile ile ya darasani, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Naona figo ya kushoto. Nusu ya chini iko sawa. Juu kuna kitu cha duara."

"Maji?"

"Maji yangekuwa meusi. Hiki ni cha kijivu, na hakilingani, mahali kizito, mahali chepesi."

"Pima."

Nikapima. Mimi ninayepima viuno na mabega ya watu tangu nina miaka kumi na sita, sijawahi kuchukia kipimo kama siku ile.

"Sentimita nane."

"Pima tena."

"Nane na nusu."

"Na unadhani ni nini?"

"Sidhani," nilisema, na machozi yakaanza kunidondoka juu ya mkono wake. "Ulinikataza."

Akaomba nikigeuze kioo. Akakitazama kwa muda, kichwa chake bado kimelalia mkono wake, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Picha nzuri," alisema mwishowe. "Kingo zimetoka vizuri. Ihifadhi, utume."

Alikaa kitandani, akajifuta jeli kwa taulo niliyoikunja pindo mwenyewe wiki ya kwanza. Mkunga alimjia akamwekea mkono begani.

"Mwanangu, haya mambo yana wenyewe. Hospitali wana mashine kubwa. Huenda si kitu."

"Huenda," alimjibu kwa adabu. Lakini yeye ameona picha kama zile kwa miaka kumi na moja, na mimi nilikuwa namjua ninapomtazama.

Picha ilikwenda, na jibu la daktari likaja kabla ya saa sita: aje leo leo. Honi ya Dereva ikalia uani muda mfupi baadaye. Aliingia anacheka, amenunua soda za kupongezana. Akatutazama, akaziweka chini.

"Mto unapanda," alisema kwa sauti ndogo alipoelezwa. "Kama ni kwenda, ni sasa. Ikifika saa tisa sivuki mimi, na sijui nitavuka tena lini."

Mwalimu akapanga begi lake. Lile lile, la mtu wa kupita. Nilisimama mlangoni nikimtazama anakunja mashati ambayo nusu yake nimeyatia vifungo mimi.

"Na mimi naenda," nikasema.

"Huendi."

"Nani kakuuliza? Gari si la baba yako."

"Fundi. Yule mama ambaye kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia ya mtoto. Nani aliliona?"

Nilijua anakokwenda. Nikakunja mikono.

"Nani?" alirudia.

"Mimi."

"Amebakiza wiki ngapi?"

"Tatu."

"Nani atamtazama tena Ijumaa aone kama limepanda au avushwe kabla uchungu haujaanza?"

"Mkunga yupo!"

Mkunga aliinamisha macho. "Mimi vivuli vile bado vinanichanganya, mdogo wangu," alisema. "Ningekuwa naviona ningekwambia nenda, nisingengoja uniulize."

"Nikikuchukua wewe," Mwalimu alisema, "nitakuwa nimefundisha bure."

Hapo nikapandwa na hasira. Nilimwambia maneno ambayo mpaka leo nayaonea haya. Nilimwambia mimi si mashine ya mradi, ya kuwekwa hapa na kuachwa. Nilimwambia kama alijua ataondoka, kwa nini alikuja kukitafuta kidole changu. Nilimwambia mama alisema kweli. Alisimama akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Hakujitetea hata kwa neno moja, na mtu asiyejitetea huwezi kumgombeza kwa muda mrefu.

Tukatoka uani. Dereva alikuwa ameshawasha gari. Mawingu yalikuwa mazito upande wa juu wa mto. Mwalimu akaingia, akakaa akiegemea upande wa kulia kwa ajili ya ule ubavu, akateremsha kioo cha dirisha.

"Hujanijibu," alisema. "Mama alisemaje?"

Lile jibu lilikuwa bado mdomoni mwangu tangu asubuhi. Nilikuwa nimelibeba kama pipi.

Kabla sijafungua mdomo, akaushika mkono wangu dirishani.

"Niambie amekataa," alisema kwa haraka. "Nakuomba. Hata kama si kweli. Nikijua amekataa nitakwenda kama mtu wa kupita, na wewe utakuwa huna mtu wa kumsubiri. Nisaidie kwa hilo, Fundi. Sema tu, amekataa."

Nikamtazama. Yale macho yaliyonicheka siku ya kwanza yalikuwa yananiomba uongo. Na mimi, nakiri, neno nilikuwa nalo. Lingekuwa jepesi. Angelia kidogo njiani, na mimi ningelia sana nyumbani, na mambo yangekwisha. Lakini mtu huyu alinifundisha kitu kimoja tu, na nisingekivunja akiwa anakwenda kulala mbele ya watu asiowajua, avute pumzi kwa amri ya mtu mwingine.

"Vuta pumzi," nikamwambia.

"Fundi, tafadhali."

"Wewe ni mgonjwa sasa. Vuta pumzi."

Akavuta. Kifua kikapanda.

"Shikilia."

Akashikilia. Dereva aligeuza uso upande wa pili.

"Amekubali," nikasema. "Leo asubuhi. Ulete wazee. Ila hajafurahi."

Hakupumua. Macho yalimjaa, na bado hakupumua, kama mwanafunzi mtiifu, mpaka nikaogopa.

"Achia," nikamwambia. "Achia, mpenzi."

Aliachia, na kicheko na kilio vikatoka pamoja. Alikibonyeza kidole gumba changu, akakishikilia mpaka Dereva akasema, "Mwalimu, mto." Kisha akamwita Mkunga, akaomba ile fomu ya mtihani. Aliiweka juu ya goti, akaandika gari likiwa linatetemeka, akaikunja mara mbili, akampa Mkunga badala ya kunipa mimi. Gari likaondoka. Sikulikimbilia. Nilisimama pale na gauni langu la bluu mpaka sauti yake ikapotea, halafu nikarudi ndani nikafuta jeli kwenye kipimio, maana hatuachi mashine chafu.

Nyumbani nilimkuta mama kibarazani. Habari zilikuwa zimeshafika. Nilikaa chini, nikaifungua ile fomu, ambayo Mkunga alinipa nilipokuwa natoka, nikawa siwezi kusoma.

"Imeandikwa nini?" mama aliuliza.

Nikajifuta macho kwa mkono. "Figo ya kushoto, ameona mwenyewe bila kusaidiwa. Alama, sahihi. Vipimo, sahihi. Amefaulu."

"Na hapo juu?"

Hapo juu palikuwa na mstari wa jina la mgonjwa. Mkunga alikuwa ameuacha wazi kutwa, kwa sababu kwenye mazoezi hatuandiki majina ya wenzetu. Sasa ulikuwa umejazwa, kwa mwandiko uliotikiswa na gari. Nilimsomea mama.

"Jina la mgonjwa: mchumba wake Fundi."

Mama aliichukua karatasi, ingawa hana miwani, akaitazama. Akaikunja vile vile ilivyokuwa, akanirudishia. Kwa mbali, upande wa mto, tulisikia honi ya Dereva mara mbili, ndefu, ile anayoipiga akishavuka.

Mama aliingia ndani. Alitoka na kigoda kile cha zamani, na kingine cha jikoni. Akaviweka kibarazani kimoja kando ya kingine, vikielekea barabarani, akakaa kwenye kimoja.

"Kaa," aliniambia. "Peke yako hutaweza, mimi nakijua kibaraza hiki."

Nikakaa.